Sitokalasini D, sitokalasini B au faloidini: kuchagua sumu ya kuvu kwa kazi ya aktini

Mwezi uliopita mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alinijia labo, hapa Bukavu, akiwa na karatasi ya maombi ya kununua vifaa vya memwari yake, yaani kazi ya utafiti ya kumaliza masomo. Katika mstari wa nne alikuwa ameandika: "dawa ya aktini, miligramu 1". Akaniuliza, "Asistanti, nikiandika hivi si wataelewa?" Nikamjibu, "Wataelewa, mdogo wangu, halafu watakuletea chochote walicho nacho." Mzigo wa namna hiyo hutoka mbali, hupita Kigali, huvuka mpaka wa Ruzizi ndani ya sanduku la barafu, na ukifika ukiwa si wenyewe, hakuna wa kumrudishia.

Aktini ni protini inayojenga nyuzi za kiunzi cha seli, na tatizo la karatasi ile ni kwamba hakuna kitu kimoja kinachoitwa dawa ya aktini. Kuna molekuli nyingi, na zile zinazotumika zaidi katika maabara zimetoka kwa kuvu: sitokalasini D, sitokalasini B na faloidini. Zote tatu hugusa protini ileile, lakini mbili za kwanza huvunja nyuzi za aktini ndani ya seli hai, na ya tatu huzishika nyuzi hizo zisivunjike, tena kwa kawaida haiwezi hata kupita utando wa seli hai. Mtu anayeagiza moja akidhani ni sawa na nyingine hakosei jina tu, anakosea jaribio zima. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya wale waliokwama mbele ya mstari wa nne wa karatasi kama ile.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni hali ya seli: je, wakati wa jaribio itakuwa hai, au itakuwa imekwisha kukazwa kwa formaldehidi, yaani imekufa huku umbo lake likihifadhiwa? Swali hili peke yake huondoa nusu ya mashaka, na ninashangaa jinsi watu wachache wanavyoanza nalo. Kigezo cha pili ni kile hasa ambacho molekuli inaufanyia uzi wa aktini. Cha tatu ni kile inachogusa pembeni, kwa sababu hakuna sumu inayoshika kitu kimoja tu. Cha nne ni vifaa vya kuonea matokeo, na cha tano ni kiasi: miligramu moja itafika wapi, na itakaaje salama katika mji ambao umeme hukatika bila taarifa.

Aktini yenyewe, kwa kifupi

Aktini ni protini yenye asidi amino 375 na uzito wa kilodaltoni 42 hivi. Ikiwa peke yake ni kidonge kilichobeba tumboni molekuli ya ATP, ile inayobeba nishati ya seli. Vidonge vikishikana huwa uzi wenye unene wa nanomita 7 hivi, ulio kama shanga za mistari miwili iliyosokotana. Uzi huo hauna ncha mbili zilizo sawa. Ncha moja, ambayo hapa nitaiita ncha ya kasi, hupokea vidonge vipya hata vikiwa vichache sana katika maji ya seli, kiasi cha mikromolari 0.1 (mikromolari ni kipimo cha wingi wa molekuli katika lita moja); ncha ya pili, ya pole, huhitaji kiasi cha mikromolari 0.6 ili ianze kurefuka. Kiasi cha vidonge kikiwa katikati ya namba hizo mbili, uzi hukua upande mmoja na kupungua upande mwingine kwa wakati uleule, na seli hutumia mwendo huo kusukuma utando wake mbele, kutambaa, kumeza bakteria au kujigawa.

Msomaji azishike namba hizo mbili, maana ndizo zinazoeleza kwa nini sumu inayoziba ncha moja tu inaweza kuangusha kiunzi chote. Ncha ya kasi ikizibwa, inabaki ncha ya pole peke yake, na hiyo haitosheki na vidonge vichache. Inaanza kupoteza kuliko inavyopata. Uzi unaliwa kutoka nyuma bila mtu kuukata.

Sitokalasini D

Jina la sitokalasini limetungwa kutoka Kigiriki, kwa maneno ya seli na kulegea. Mwaka 1967, S. B. Carter aliandika katika jarida la Nature kwamba molekuli hizi zilizuia seli za wanyama kutambaa, zikazuia mwili wa seli kugawanyika ingawa kiini kiligawanyika, na kwa dozi kubwa zikafanya kiini kitoke nje ya seli. Wakati huo haikujulikana kwamba aktini ndiyo iliyokuwa ikiguswa. Aina ya D hupatikana kwa Metarhizium anisopliae, kuvu inayoua wadudu na kuifunika mizoga yao kwa unga wa kijani.

Inavyofanya. Molekuli hukaa katika mfereji mdogo wa kidonge cha aktini, kati ya sehemu yake ya kwanza na ya tatu, na hivyo huziba ncha ya kasi ya uzi. Kwa dozi kubwa zaidi hushika pia vidonge vilivyo huru, huvifunga viwili viwili na kuharakisha matumizi ya ATP yao. Kwa hiyo dozi si suala la nguvu tu, ni suala la aina ya jeraha: dozi ndogo, chini ya mikromolari 1, husimamisha kwanza mawimbi ya ukingo wa seli na utambaaji, na dozi ya mikromolari 1 au 2 huvunja hata zile kamba nene zinazoivuta seli kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Anayetazama kwa hadubini jambo hili likitokea halisahau. Fibroblasti, seli bapa iliyotandaa kama jani la mgomba, huanza kujikusanya ndani ya dakika chache. Sehemu ya katikati huvimba na kung'aa, ukingo hurudi nyuma, lakini haurudi wote: pale ambapo seli ilikuwa imeshika kioo kwa nguvu hubaki vijitawi vyembamba, na mwishowe jani linakuwa mzizi. Ukiosha sumu kwa maji ya lishe mapya mara mbili au tatu na kusubiri saa moja hivi, seli nyingi hutandaa tena. Urejevu huo ni sifa kubwa, kwa sababu unakuruhusu kuonyesha kwamba seli haikufa, ilizuiwa tu.

Inachogusa pembeni. Hapa aina ya D ina sifa nzuri kuliko dada yake B: haizuii kwa kiasi cha maana usafirishaji wa glukosi. Hata hivyo haina mikono misafi kabisa. Katika seli kuna protini iitwayo MRTF ambayo kwa kawaida imeshikwa na vidonge huru vya aktini. Sitokalasini D huiachisha, nayo huingia katika kiini na kuamsha jeni kadhaa, zikiwamo jeni za aktini yenyewe. Anayepima umbo la seli ndani ya nusu saa hana haja ya kuhangaika na hilo. Anayepima RNA, yaani nakala za jeni zilizoamshwa, baada ya saa kadhaa na kusema "haya ni matokeo ya kukosa nyuzi" anaweza kuwa anapima kitu kingine kabisa.

Vifaa. Inkubeta ya nyuzijoto 37 na hadubini ya kawaida ya seli hai, ile inayotazama kutoka chini, vinatosha kuona mabadiliko ya umbo. Hakuna rangi inayohitajika.

Kiasi na hifadhi. Uzito wa molekuli ni gramu 507.6 kwa moli. Miligramu 1 iliyoyeyushwa katika mililita 0.985 ya DMSO, kiyeyusho cha kawaida cha maabara, hutoa akiba ya milimolari 2. Katika kisima, yaani kishimo cha sahani ya kukuzia seli, chenye mililita 2 za lishe, mikrolita 1 tu ya akiba hiyo hutoa mikromolari 1, na DMSO yenyewe inabaki asilimia 0.05, kiasi ambacho seli nyingi hazikijali. Kwa hesabu hiyo miligramu moja hutosha visima zaidi ya 900. Mwanafunzi mmoja hatavimaliza, hata akirudia jaribio mara tano. Igawe akiba katika vichupa vidogo vya mikrolita 10 au 20 siku ileile unapoiyeyusha, na uviweke katika konjelateri ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri, ili umeme ukikatika na vichupa viwili vikiyeyuka visiharibu vyote.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye swali la namna hii: je, jambo ninalolitazama linahitaji nyuzi za aktini? Mfano wa kawaida ni bakteria wanaoingia katika seli za utumbo. Salmonella na Shigella huilazimisha seli iwameze kwa kutumia aktini yake; ukiitangulizia seli sitokalasini D kwa dakika 30, bakteria wanaoingia hupungua sana, ingawa bado hugusa uso wa seli. Listeria, ambayo ndani ya seli husukumwa na mkia wa aktini, husimama palepale.

Sitokalasini B

Hii ndiyo ya zamani zaidi katika matumizi. Ilitolewa kwa kuvu ya Helminthosporium dematioideum, na watafiti wengine walioipata kwa kuvu za jamii ya Phoma waliiita fomini kabla ya kugundua kwamba ni kitu kilekile.

Inavyofanya. Huziba ncha ya kasi kama aina ya D, lakini kwa nguvu ndogo, takribani mara kumi chini yake, kwa hiyo huhitaji dozi kubwa zaidi. Ikioshwa huachia pia. Kwa upande wa uzi, sina mengi ya kuongeza.

Inachogusa pembeni. Hapa ndipo mambo yalipo. Sitokalasini B huingia katika GLUT1, mlango ambao glukosi hupitia kwenye utando wa seli, ikaukalia kutoka upande wa ndani na kuuziba. Haihitaji dozi za kupindukia kufanya hivyo. Huufunga mlango huo hata kwa dozi zilizo chini ya zile zinazohitajika kwa aktini. Mwaka 2016 umbo la GLUT1 ya binadamu likiwa na molekuli hii ndani yake lilichapishwa, na tangu hapo hakuna nafasi ya kubishana. Maana yake ni kwamba seli iliyopewa sitokalasini B imepata mapigo mawili kwa pamoja: kiunzi kimelegea na sukari imepungua.

Hebu tuchukue mfano wa malaria, ambao kwetu si mfano wa mbali, kwani mtu akishuka kutoka Bukavu kuelekea uwanda wa Ruzizi anakutana nayo mara moja. Mwaka 1979 ilionyeshwa kwamba vimelea vya malaria vilivyopewa sitokalasini B viliweza kuigusa na kuishika chembe nyekundu ya damu, lakini havikuingia ndani. Ni tokeo zuri, nalo limesimama, kwa maana kimelea hutumia aktini yake kujisukuma. Lakini mwanafunzi wa leo anayetaka kujenga juu yake ajue kwamba chembe nyekundu ya binadamu imejaa GLUT1, na kwamba mhakiki mkali atamwuliza mara moja: ulizuia injini, au ulifunga mafuta? Jibu la bei nafuu ni kuweka kisima kingine chenye sitokalasini D. Zikikubaliana, hoja ya sukari inaanguka. Zikipishana, umepata kitu cha kuandika katika sura ya majadiliano.

Dosari hiyohiyo ni mali kwa mwingine. Wanaochunguza usafirishaji wa glukosi wameitumia sitokalasini B kwa miaka mingi kuhesabu milango ya GLUT kwenye utando, na hao ndio wanaoweka sitokalasini D kama shahidi, yaani kipimo cha kulinganishia, kwa mpangilio uliopinduliwa.

Lakini kazi iliyoifanya sitokalasini B iendelee kununuliwa duniani ni kipimo cha mikronuklei, yaani viini vidogo vya ziada vinavyoonyesha madhara kwa kromosomu, kilichotungwa na Fenech na Morley mwaka 1985. Limfositi, aina ya chembe nyeupe za damu, huchochewa zijigawe. Kwenye saa ya 44 huongezwa sitokalasini B, na kwenye saa ya 72 seli hukusanywa. Katika muda huo, seli inayojigawa hugawanya kiini vizuri, lakini pete ya aktini ambayo ingeibana katikati na kuikata haijifungi. Inabaki seli moja yenye viini viwili, kama yai lenye viini viwili ambalo watoto hulifurahia. Kila seli ya namna hiyo imejigawa mara moja tu, kwa hiyo ukikuta pembeni ya viini vile kimoja cha tatu, kidogo, unajua kwamba ni kipande cha kromosomu, au kromosomu nzima, iliyoachwa nyuma katika mgawanyiko huo mmoja. Unahesabu seli zenye viini viwili, angalau 1000, na kuandika ngapi zina mikronuklei. Katika kipimo hiki suala la sukari halijazuia matumizi, kwa kuwa kila sampuli, ya shahidi na ya aliyeathirika, imepata dozi ileile.

Vifaa. Hiki ndicho kipengele ambacho kwa maoni yangu hakisemwi vya kutosha katika mazingira yetu. Kipimo cha mikronuklei kinahitaji rangi ya Giemsa na hadubini ya kawaida yenye lenzi ya mafuta, ileile inayotumika kutafuta malaria katika kila kituo cha afya kuanzia Bagira hadi Kamituga. Mtu anayetaka kuchunguza damu ya wachimbaji wanaoshika zebaki hana sababu ya kusubiri mashine ya mamilioni.

Kiasi na hifadhi. Uzito wa molekuli ni gramu 479.6 kwa moli. Dozi ya kipimo cha mikronuklei ni kati ya mikrogramu 3 na 6 kwa mililita. Wanaotumia damu nzima huchukua 6, ambayo ni kama mikromolari 12.5. Kwa chupa yenye mililita 5 unahitaji mikrogramu 30, kwa hiyo miligramu moja hutosha chupa 33 tu. Linganisha na visima 900 vya aina ya D, utaona kwa nini bajeti haiwezi kuandikwa kabla ya kuchagua. Angalia pia DMSO: akiba ya miligramu 1 kwa mililita inakulazimisha kuongeza mikrolita 30 katika mililita 5, yaani asilimia 0.6. Akiba ya miligramu 2 kwa mililita hupunguza kiasi hicho nusu. Hifadhi ni ileile ya aina ya D.

Inamfaa nani. Inamfaa anayefanya mikronuklei, anayetaka seli zenye viini viwili kwa sababu nyingine yoyote, au anayechunguza milango ya glukosi. Haimfai anayepima nishati ya seli, laktati au ulaji wa sukari kisha akataka kusema kwamba ni habari ya aktini.

Faloidini

Faloidini hutoka kwa uyoga wa Ulaya uitwao Amanita phalloides. Feodor Lynen na Ulrich Wieland waliipata kama fuwele mjini Munich mwaka 1937. Ni pete mbili zilizoshikana za asidi amino saba, zenye uzito wa gramu 789 hivi kwa moli. Mama mmoja wa nyumbani kwetu aliposikia kwamba tunanunua sumu ya uyoga kwa dola alicheka sana, akasema angetuletea ya bure kutoka soko la Kadutu. Nilimweleza kwamba hata huko Ulaya, anayekula uyoga ule hauawi na faloidini, ambayo haipenyi vizuri ukuta wa utumbo, bali na amanitini, inayozuia polimerasi ya RNA ya pili, kimeng'enya kinachonakili jeni, na kuharibu ini, na ambayo kupika hakuiondoi.

Inavyofanya. Kinyume cha zile mbili. Hushika uzi, si kidonge huru, ikikaa pale ambapo vidonge vinakutana, karibu molekuli moja kwa kila kidonge, na kuvibana visiachane. Uzi ulioshikwa na faloidini haupungui hata ukiwekwa katika maji yasiyo na vidonge. Mwaka 1979 faloidini iliyofungwa kwenye rangi inayong'aa ilitumika kwa mara ya kwanza kuonyesha aktini ya seli, na tangu hapo ndiyo matumizi yake makuu. Si tena sumu, ni taa.

Seli hai au iliyokazwa. Iliyokazwa. Faloidini haipiti utando wa seli nyingi zilizo hai. Seli za ini ni ubaguzi, kwa kuwa zina visafirishaji vinavyoiingiza. Waliowahi kuidunga kwa sindano nyembamba katika seli hai waliona nyuzi zikizidi na seli ikishindwa kutambaa na kukua, kwa hiyo hata ikiingia haikuonyeshi seli ilivyo, inakuonyesha seli uliyoikamata koo. Kwa kawaida seli hukazwa kwa formaldehidi ya asilimia 4, utando hutobolewa kwa sabuni ya Triton X-100 ya asilimia 0.1, kisha huwekwa faloidini yenye rangi kwa nusu saa hivi, gizani.

Mimi mwenyewe nilipoifanya mara ya kwanza nilikaza seli kwa methanoli baridi, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kufanya kwa kingamwili nyingine na ilikuwa imebaki nusu chupa. Nilikaa mbele ya hadubini katika chumba cha giza kwa muda wa saa nzima, nikibadilisha vichujio, nikilaumu taa. Viini vilionekana vizuri kwa DAPI, rangi ya viini, vya buluu, vimejipanga. Aktini haikuwepo kabisa. Methanoli hubomoa umbo la uzi ambalo faloidini inalitambua. Onyo hilo linahusu hata formalini ya chupa kubwa inayotumika hospitalini, kwa kuwa mara nyingi imewekwa methanoli ndani yake ili isigande. Afadhali kutengeneza ya asilimia 4 upya kutoka kwa unga wa paraformaldehidi.

Ikifanyika sawasawa, picha haina mfano. Kamba za aktini huonekana zimenyooka kutoka ukingo hadi ukingo, sambamba, zimekazwa kama zile kamba na nguzo ndefu zinazofunga mitumbwi mitatu mitatu ya wavuvi wa sambaza pale ziwani Kivu, na ukingoni utando una pindo la nyuzi laini zilizofumana.

Inachogusa pembeni. Karibu hakuna, na ndiyo sababu inapendwa. Hufanya kazi kwa aktini ya wanyama, mimea na kuvu nyingi bila kujali spishi, tofauti na kingamwili. Kitu cha kukumbuka ni kwamba haioni vidonge huru, kwa hiyo mwanga kupungua hakumaanishi kwamba aktini imepungua katika seli, kunamaanisha kwamba nyuzi zimepungua.

Vifaa. Hadubini ya mwanga wa floresensi, na chumba kinachoweza kutiwa giza. Hapo ndipo wengi hukwama, kwani mashine hizo ni chache mjini, na balbu ya zebaki ikifa huchukua miezi kupatikana nyingine.

Kiasi na hifadhi. Huuzwa kwa yuniti, ambapo yuniti moja ni kiasi cha kutosha lamela moja, yaani kioo chembamba chenye seli, katika mikrolita 200 hivi. Chupa ya yuniti 300 ni lamela 300. Huhifadhiwa baridini na gizani.

Inamfaa nani. Anayetaka kuona. Basi.

Zile ambazo sikuzipa nafasi

Sitokalasini E, ya Aspergillus clavatus, ina nguvu na imechunguzwa kwa uwezo wake wa kuzuia mishipa midogo ya damu kuota, lakini kwa memwari haina faida juu ya D. Ketoglobosini A, yenye mgongo wa triptofani badala ya fenilalanini, hutengenezwa na Chaetomium globosum, kuvu inayopenda karatasi na kuta zenye unyevu. Yeyote aliyeacha vitabu karibu na ukuta katika msimu wa mvua hapa kwetu amekwisha kukutana na jamaa zake. Latrunkulini na jasplakinolidi hutajwa pamoja na hizi, lakini ni za sifongo wa baharini, si za kuvu. Ya kwanza huficha vidonge, ya pili huibana nyuzi kama faloidini lakini hupita utando wa seli hai.

Usalama

Jambo moja linahusu zote: DMSO hubeba kilichomo ndani yake kupitia ngozi, na sitokalasini D imeonyeshwa kuharibu mimba za panya. Glavu zibadilishwe mara zikimwagikiwa, na dada aliye mjamzito asiguse akiba, hata kama ni yeye mwenye memwari. Mwenzake amfanyie hatua hiyo.

Uchague ipi, kwa hali yako

Ukiwa na swali la kama bakteria, kimelea au seli nyeupe inahitaji aktini ili ifanye kazi yake, agiza sitokalasini D, weka visima vya dozi tatu tofauti na kisima cha DMSO peke yake, na uoshe baadhi ya visima ili uonyeshe urejevu. Ukipima RNA, punguza muda uwe mfupi iwezekanavyo, au tafuta latrunkulini kama shahidi wa pili, kwa kuwa yenyewe haiamshi jeni kwa njia ile.

Ukiwa na damu ya watu, hadubini ya kawaida na Giemsa, na mada yako ni madhara ya kemikali au mionzi kwa kromosomu, sitokalasini B ndiyo yako, na usikubali mtu akubadilishie kwa D kwa hoja kwamba ni safi zaidi. Taratibu zote za kuhesabu, na namba utakazojilinganisha nazo, zimejengwa juu ya B.

Ukitaka picha, au ukitaka kuhakikisha kwamba sitokalasini uliyonunua kweli ilivunja nyuzi, unahitaji faloidini, lakini kabla ya kuiagiza nenda ukaione hadubini ya floresensi kwa macho yako, iwashwe, na uulize balbu ina saa ngapi.

Ukiwa na fedha za kitu kimoja tu na bado hujui swali lako litaelekea wapi, mimi ningeanza na D, kwa sababu miligramu moja yake hudumu na hadubini inayohitajika ipo. Mwenzangu wa chumba cha pili, anayefanya kazi za damu, atakuambia uanze na B, na kwa kazi zake ana haki.

Yule mwanafunzi, mwishowe, alikuwa anataka kujua kama dondoo la mmea fulani huvunja kromosomu za limfositi. Aliufuta mstari wa nne na kuandika: "sitokalasini B, miligramu 2, katika vichupa viwili". Hesabu yake ilikuwa chupa 48 za mililita 5, pamoja na za akiba, na nilimwongezea kwa kalamu chini yake: "DMSO safi, mililita 10".